Kumtafuta Mwanamke wa Jiwe, Upande wa Lufira

Sikuondoka Panda, kambi yetu ya wachimbaji mjini Likasi, kwa ajili ya dhahabu, niseme hivyo mapema. Aliyetaka dhahabu ni mjomba Kasongo, kaka yake mama. Mimi nilikuwa namtafuta baba. Mwisho wa kiangazi kimoja, baba, mchimbaji wa kampuni ya serikali, alichukua likizo, akabeba sururu, akasema anakwenda kutafuta shimo la dhahabu lililoachwa na wazee wa zamani ng'ambo ya reli. Hakurudi. Tangu hapo mama hakujua avae nguo nyeusi au asivae. Majirani walisema baba ana mke mwingine mjini Kolwezi. Ndugu zake walikataa kukaa matanga, na padri hawezi kumsomea misa ya wafu mtu ambaye pengine anakula bukari, ugali wetu, kwa mwanamke mwingine. Nilichoka kusikia.

Alfajiri tulipanda treni Likasi, tukashuka kituo kidogo porini. Dalili za njia kila mtu Panda anazijua, hata walevi: tafuta jiwe lililo kama mwanamke aliyejitwika mzigo; anakotazama yeye, yapo mawe matatu kama mafiga; nyuma ya mafiga ndipo penye shimo. Rahisi, sivyo? Kutwa nzima tulitembea kwenye majani yaliyoungua, majivu mpaka magotini, na mjomba anamwona mwanamke kila kilima.

"Huyu hapa, Ngoie!"

"Mjomba, jiwe hilo ni tembo."

"Basi ni tembo jike."

Nilicheka, halafu nikakasirika kwamba nimecheka.

Jioni tulifika mto Lufira, kwa mama mmoja wa kabila la Wasanga aliyekuwa anakausha samaki juu ya moshi. Alitupa bukari na samaki kabla hajatuuliza jina. Kisha akasema, "Mulipita wapi?"

"Tulifuata reli, mama," mjomba akajibu.

Yule mama alicheka mpaka akakohoa. "Reli! Bazee bale balikuwa na reli? Balikuwa banatokea huku mutoni, na mitumbwi. Nyie munamuangalia ule mwanamuke kwa mugongo, munataka mumuone uso!"

Jamani! Sisi watoto wa kambi, kwetu kila kitu kinaanzia relini: soko, kanisa, hata makaburi. Haikutupitia akilini kwamba kuna njia iliyotangulia treni.

"Na mukifika kwa shimo," akaendelea, "muvue viatu inje. Mule muntu haingiake na viatu. Nilimuambia vile vile na ule muntu wa Likasi, mwenye pengo la meno, mwenye kucheka sana."

Niliweka tonge chini. Pengo lile la baba nalijua tangu utoto wangu. "Alirudi, mama?"

"Hapa hakurudi. Miye nilifikiri alipata mali yake, akaenda zake."

Sikulala vizuri. Kama alipata mali akaenda zake, basi majirani walisema kweli, na mimi ndiye nitakayempelekea mama habari hiyo. Nilimwomba Mungu kitu ambacho binti hapaswi kukiomba.

Asubuhi tulipanda kilima kutoka mtoni, na mwanamke wa jiwe akajitokeza peke yake: shingo, mzigo, hata kiuno. Tulifuata anakotazama. Mafiga yalikuwepo. Nyuma yake ardhi ilikuwa imedidimia, mdomo wa shimo umezibwa na udongo, na majani yameshaota juu.

Chini ya figa la mwisho palikuwa na viatu. Buti za kampuni, zimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje, nyigu wamejenga ndani. Ya kushoto ilishonwa kwa waya wa shaba. Baba aliishona mwenyewe, nami nilimshikia taa.

Mjomba alikuwa fundi wa magogo yanayozuia udongo migodini. Alizunguka lile shimo, akapiga magoti. "Hakusimamisha hata gogo moja," akasema. "Shemeji yangu, hata gogo moja!" Akalia kwa sauti. Nami nikalia, kwa uchungu na kwa wepesi wa moyo kwa wakati mmoja, Mungu anisamehe.

Tulisali Baba Yetu. Nilichukua zile buti, nikafunga udongo kidogo kwenye kitambaa. Mjomba hakuchimba.

"Na dhahabu?" nikamuuliza.

"Ile imeshapata mwenyewe. Twende."

Panda tulifika mchana wa siku iliyofuata, mama anatwanga sombe, majani ya muhogo, uani. Niliweka buti chini mbele yake. Aligusa ule waya wa shaba. Mjomba akamweleza yote, kuhusu shimo, udongo, na desturi ya kuvua viatu.

Mama aliuliza jambo moja tu. "Vilikuwa vinatazama wapi?"

"Nje, mama."

"Inje?"

"Ndiyo, mama. Kama mtu aliyeviweka tayari kuvivaa akitoka."

"Basi alikuwa anarudi," akasema. "Alikuwa anarudi kwangu."

Ndipo akapiga yowe, kambi nzima ikaja.

Watu bado wananiuliza kama dhahabu ipo. Sijui, na sitaki kujua. Nilichojifunza ni kwamba upo msiba unaompumzisha mtu. Kesho yake mama alivaa nguo nyeusi, akapita katikati ya majirani zake kichwa juu.