Kopo Lenye Zebaki

Juzi nilikuwa dukani hapa Busia kununua sabuni. Mbele yangu binti mmoja, mtoto mgongoni, alikuwa amewekewa makopo mawili ya mafuta ya kujipaka.

"Mzee, yametiwa nini?" akauliza.

Mwenye duka alivaa miwani, akafuata Kiingereza cha makopo kwa kidole. "Hili ni mafuta mazito na manukato tu. Hili lingine lina zebaki."

"Hilo la zebaki ndilo linalong'arisha ngozi?"

"Linang'arisha, mama. Halafu linaunguza."

Mwanamke aliyesimama kando yetu akateremsha leso aliyojifunika usoni. Mashavu yalikuwa yamebabuka, na chini ya macho ngozi imechubuka kabisa.

"Angalia vizuri, dada," akasema. "Mimi nilianza na kopo hilo hilo."

Binti alimtazama, machozi yakimlenga. "Kabla hujaungua, ulipokuwa unang'aa, mume wako alikuwa anarudi nyumbani?"

"Alikuwa anarudi."

"Wangu anaendesha lori, amepata mwanamke mweupe huko Malaba. Nipe la zebaki."

Yule mwanamke hakumgombeza. Alimkazia mbeleko ya mtoto mgongoni, akamwambia polepole, "Basi usipake kifuani. Hapo ndipo mtoto anapolalia."

Binti alipoondoka nililisoma kopo kama lile pande zote. Waliolitengeneza wameandika hata jina la ua lililotoa harufu. Neno la kumhurumia mtoto wamemwachia mwanamke waliyemuunguza.