Shingo Thelathini za Kaleli

Usiku ule sikulala. Nilikaa kwenye kigoda nyuma ya mlango wa chumba chetu, katika kambi ya shamba la mkonge nje ya Thika, nikisikiliza kama kuna mtu anapita. Mwanangu Kaleli alikuwa ameondoka mchana kwenda Ruiru na gunia begani, na saa ya kafyu ilikuwa imepita. Miaka ile ya Hali ya Hatari, mtu akikawia hukujiambia kwamba amekawia. Ulianza kukumbuka shati alilovaa.

Kulipopambazuka akaja Ephantus, aliyekata mkonge pamoja naye. Alikuwa amelala kwa shangazi yake kule Witeithie.

"Mama Kaleli, wamemshika pale kwenye kizuizi cha barabarani. Wanasema amebeba bunduki."

"Bunduki gani? Huyo hata kuku hawezi kumchinja!"

"Za mbao, mama. Wamezipanga chini kando ya barabara. Nimezihesabu kwa mbali, ziko thelathini."

Nilijua mara moja walichokipanga chini. Nilijua pia ni nani aliyemwambia avichonge vile.

Kaleli alizaliwa Ngoliba, mwaka ambao mbuzi wetu wote walikufa kwa ukame. Alitumia mkono wa kushoto, na mwalimu alimchapa huo mkono mpaka akaacha shule darasa la tatu. Mjomba wake Munyao, mchongaji, hakujali ni mkono upi ulioshika tezo. Alimfunza kuchonga swala, twiga na vijiko vya saladi vya kuuzia wazungu. Kwetu Ukambani mchongaji hamalizi kinyago kimoja ndipo aanze kingine. Huchonga vichwa vyote, kisha miguu yote, ili mkono uzoee na vyote vifanane. Munyao alikuwa akisema anayerukaruka ni kama kuku anayedonoa uani, mwisho wa siku hana hata kimoja kilichokamilika.

Mwaka wa hamsini na nne, memsahib mmoja wa shamba la kahawa Ruiru alimwona Kaleli akiuza swala stesheni. Akamwita nyumbani, akamfungulia kitabu cha watoto chenye picha za wanyama wakubwa kama nyumba, wenye mkia wa mamba na shingo ndefu kupita ya twiga. Dinosaria. Alitaka vinyago vya kuunganishwa: mwili, shingo, mkia na miguu minne, vyote vya kuchomekana kwa vijiti, vitiwe ndani ya mkebe wa biskuti pamoja na kipande cha msasa na rangi. Mtoto aketi chini amjenge mnyama wake mwenyewe, ampake rangi anayoipenda. Kwanza Kaleli achonge mmoja wa bintiye. Akimpenda, achonge thelathini kwa watoto wa rafiki zake, wawe tayari kabla ya Krismasi.

Yule wa kwanza alimalizika vizuri. Memsahib akampenda, akamwazima Kaleli keekee ya mumewe ya kutobolea matundu. "Bwana asijue," alimwambia.

Pale kambini vijana walimcheka.

"Kaleli, huyo ni kenge au ni ng'ombe aliyelaaniwa?"

"Ni mnyama wa kale. Walikufa wote kabla ya Adamu."

"Kama walikufa kabla ya Adamu, nani aliwahesabu miguu?"

Kaleli alicheka nao. Mwanangu alikuwa mwepesi wa kucheka.

Alitaka kumaliza mnyama mmoja mmoja, kwa sababu kila shingo ilipaswa kuingia mwilini mwake bila kulegea. Mimi ndiye niliyemgombeza. "Mjomba wako alikufundisha hivyo? Maliza shingo zote kwanza!" Akanitii. Siku ile alikuwa akimpelekea memsahib shingo thelathini azitazame kabla ya kuendelea na miili. Shingo thelathini zilizopinda, kila moja na tundu lake. Wakati huo watu wa msituni, waliopigana na serikali, walikuwa wakitengeneza bunduki kwa kitako cha mbao na bomba la maji. Gunia lilipofunguliwa, askari hawakuona mnyama. Waliona vitako, na chini yake wakakuta keekee ya mzungu.

Nilikwenda kwa miguu hadi kituoni. Askari wa zamu alikuwa mtu mzima, hakunitukana.

"Kijana wako anasema ni vitu vya kuchezea watoto. Basi niletee mnyama mmoja aliye mzima, au huyo memsahib aje aseme. Lori la kuwapeleka kambi ya wafungwa linaondoka saa kumi. Baada ya hapo mimi sina uwezo."

Nilifika Ruiru jua likiwa limeshapita utosini. Nilizunguka hadi mlango wa jikoni, uliopakwa rangi ya kijani. Yaya aliyefungua aliitwa Nakhumicha, mtu wa Magharibi, na aliponiona alitoka akaurudisha mlango nyuma yake.

"Wewe ndiye mama wa fundi? Polisi walikuwa hapa asubuhi, mama. Bwana amewaambia keekee yake iliibwa."

"Na memsahib?"

"Alikuwa amesimama ubavuni mwake."

"Akasema nini?"

Nakhumicha alitazama miguu yangu iliyojaa vumbi. "Hakusema."

"Mwambie simtaki aende polisi. Mwambie keekee sitaitaja. Aniazime yule mnyama tu, niende kumwonyesha askari, nitamrudisha kesho kwa mikono yangu."

Aliingia. Nikasikia viatu vya kisigino vikija mpaka karibu na mlango, vikasimama. Alikuwa pale. Tulitenganishwa na ubao usiozidi upana wa vidole viwili.

"Memsahib," nikasema, "mimi ni mama kama wewe."

Dirishani, juu ya beseni la vyombo, mtoto wa kike alikuwa ameinua kitu ili nikione. Alikuwa amempaka mnyama wake rangi nyekundu na madoa ya manjano. Akaichomoa shingo, akaichomeka tena, akanitazama kuona kama nimefurahi. Kisha mkono wa mtu mzima ukamvuta akatoweka.

Wako wanaoniambia nimshukuru Mungu kwamba hakunyongwa. Ni mwaka wa tatu sasa tangu lori limchukue, na barua zake nimepata mbili. Katika ya pili ameandika kwamba huko wanavunja mawe, na kwamba mkono wake wa kushoto haufungi vizuri. Shingo zile, nasikia, zilichomwa.

Siku ile, pale mlangoni, Nakhumicha hakurudi. Nilisikia ufunguo ukizungushwa kitasani, mara mbili, polepole, kama mtu anayeona haya. Niliketi kwenye ngazi. Ndani saa ya ukutani iligonga saa kumi, nami nikainuka nikaweka kiganja juu ya ile rangi ya kijani. Sikubisha. Viatu vilikuwa bado havijaondoka.

Mlango haukufunguliwa.