Mgombea Aliyekunywa Maji ya Kunawa

Mgombea urais wa chama kichanga, tajiri asiyewahi kushika cheo, alikuja kula kwa shangazi yangu, mama lishe wa Boko. Kandambili zake bado zilikuwa na kibandiko cha dukani.

"Mie mwananchi wa kawaida kama nyie!" akasema, tukapiga vigelegele. Mie nilishaamini.

Nikamsogezea beseni na jagi la maji ya uvuguvugu anawe. Akajimiminia kwenye glasi, akanywa, akasifu: "Maji ya huku matamu, jamani!" Wapambe wake nao wakanywa, kwa heshima. Nilicheka mpaka kanga ikanidondoka.

Shangazi akafuta machozi ya kicheko. "Mheshimiwa, hayo sie tunanawia. Haya, nawa, ule, halafu utuambie tena wewe ni nani."