Kibanda cha Gari la Baba

Baba alipostaafu kazi ya reli alinunua gari kuukuu la abiria, akang'oa viti na kuweka kitanda, kabati dogo na jiko la gesi. "Miaka yote nimewasafirisha watu," alimwambia mama. "Sasa ni zamu yetu. Tutalala humo humo, popote jua litakapotuchwea."

Majirani wetu wa mtaa wa Umoja walicheka sana. "Mzee, umefukuzwa chumbani?" mmoja alimuuliza.

"Sikufukuzwa. Nimehama na kitanda changu!"

Gari lilikaa nje, uani. Jua likapasua gundi ya paa, na mvua ya kwanza ikaingia mpaka kwenye godoro. Mama alilinusa, akasema hasafiri na godoro la namna hiyo. Likilowa tena, aliongeza, baba aende peke yake. Baba alinunua godoro jingine, akaziba paa, akaanza kutafuta kibanda cha kulifunika gari.

Yeye alitaka turubai juu ya vyuma vyembamba. Fundi aliyemwita alitaka mabati juu ya nguzo za chuma zilizozikwa ardhini. Mimi sikusema kitu. Niliishia darasa la nane, na mbele ya watu maneno hunikwama. Lakini macho yangu hayana haya.

Kwa hiyo wiki nzima, kila jioni, nilitembea kutoka kwetu hadi mtaa wa Donholm nikitazama vibanda vya magari ya watu. Turubai zilikuwa zimechanika pembeni, zinapigwapigwa na upepo. Mabati yalikuwa mazima, ila nguzo zake nyingi zilikuwa zimeinama. Nikawa nachuchumaa kutazama miguu ya nguzo. Askari wa lango moja aliniita.

"Wewe kijana, umeangusha nini hapo?"

"Hakuna."

"Basi mbona unaziinamia nguzo zetu kama unaziombea?"

Nilikimbia, lakini nilikuwa nimeshaona. Udongo wetu ni ule mweusi. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unapasuka, na nguzo iliyozikwa humo inasukumwa huku na huku. Tena chuma huanza kuliwa na kutu pale pale kinapoingia ardhini.

Niliporudi nilimkuta fundi ameshachora alama za chokaa uani. "Hapa tunazika futi mbili," alimwambia baba. "Hata ndovu hazing'oi."

"Hapana," nikasema.

Wote waligeuka. "Kumbe huyu huongea!" fundi akasema.

Maneno yangu yalikuwa yameisha. Nikamshika baba mkono wa shati, nikampeleka kwenye geti la jirani, lile ambalo kila msimu wa mvua halifunguki bila kupigwa teke. Nilimwonyesha nguzo ilivyolala. Kisha nikachukua funguo zake, nikakwaruza chini ya nguzo. Chuma kikabanduka kama maganda ya kitunguu.

Baba aliokota ganda moja, likavunjika vidoleni. Tuliporudi alimwambia fundi, "Kijana amesema hapana."

Nilichimba mashimo manne mwenyewe, nikaupita udongo mweusi wote mpaka jembe likagonga ardhi ngumu. Ilinichukua siku tatu. Tukajaza zege, tukaliinua shubiri moja juu ya ardhi, na nguzo zikasimama juu yake, zimekazwa kwa bolti, hazigusi udongo. Mabati yalielekea kwenye mtaro wetu, yasimwagie jirani maji.

Mvua za masika zilikuja kwa nguvu. Asubuhi moja, jirani akilipiga geti lake mateke, fundi aliingia kwetu amelowa, na pima maji mkononi, kile kipimo chenye kipovu kinachoonyesha kama kitu kimesimama wima. Hakusalimia. Alikiweka kipimo kwenye nguzo ya kwanza, kisha ya pili, mpaka ya nne. Kila mara kipovu kilisimama katikati.

"Hazijasonga hata unywele," alisema. "Nani alikufundisha?"

"Nguzo za watu."

Mama naye aliingia garini, akalibonyeza godoro, akalinusa pande zote mbili. Alitoka, akaenda jikoni kuchagua sufuria za safari.

Tangu hapo watu huja kukiona kibanda. Baba huwaambia, "Aliyechagua ni huyu hapa," na kuninyooshea kidole. Mimi huenda nyuma ya gari nikajifanya nafuta tairi. Ila siendi mbali sana. Husimama pale ambapo bado nasikia.