Nduru ya Nukta ya Jua

Mimi shule niliachia darasa la pili, lakini jua nimelichungulia mpaka tumboni!

Tulikuwa Kabiro, zile miaka za sabini. Mlango wa pili alikaa mwalimu, mtu wa huko Ziwa, mrefu kama nguzo ya stima. Akaniambia kuna nyota ndogo itapita mbele ya jua mchana. Ati mtu akiandika saa yenye inatoka, na wengine mbali waandike yao, zikilinganishwa ndio wasomi hupima umbali wa jua.

"Mama, ikitupita hii, tutangoja miaka mingi."

Akapitisha darubini kwa tundu la mabati, akapanda paa kuishikilia ielekee jua, saa mkononi. Mimi nikabaki ndani, giza, nikitazama karatasi ukutani. Jua lilikuwa hapo, kubwa kama sinia! Na nukta nyeusi, kama mbegu ya terere, ile mboga, inatambaa.

"Ikimaliza kutoka, piga kelele!"

Ikatoka. Nami kwa furaha nikapiga nduru. Nduru kabisa, ile ya mwizi! Na Kabiro nduru haiulizwi maswali.

Walitoka na rungu, majembe, mawe. Wakaona mwanaume juu ya paa, mwanamke analia ndani.

"Huyo! Mshukisheni!"

Jiwe la kwanza lilimpata mdomoni. Wakamvuta miguu, akaanguka kwa mtaro, wakamrukia. Mwenye ploti tuliyopanga akamgonga mkono na rungu, nikasikia mfupa ukivunjika kama kuni kavu. Mwingine alikuwa ameshainua panga.

Nikatoka na mwiko wa ugali, nikapiga vichwa bila kuchagua.

"Wajinga nyinyi! Ni mwalimu! Ni mimi nimeita!"

"Umeita ya nini?"

"Nyota imetoka kwa jua!"

Panga ikashuka pole pole. "Huyu mama naye amerukwa."

Mwalimu alikuwa anatema jino, damu mpaka kifuani, ananong'ona. Nikainama, nikidhani anaita mama yake.

"Saa kumi... dakika kumi na saba... sekunde nne. Andika!"

Saa yake ilikuwa imekanyagwa, vipande tu. Nikanyakua makaa, nikaandika kwa mlango.

Mkono ukafungwa plasta. Barua ya kupelekea wasomi ile saa ya mlangoni niliandika mimi, yeye akinitajia herufi moja moja kwa mdomo uliovimba. Nikamuuliza kama nduru yangu ilichelewa.

"Hapana, mama. Ulipiga papo hapo. Na majirani zako pia."