Nilibaki na Picha za Mama Yao, Sauti Nikaifuta

Admin, jina langu lifiche kabisa, maana Arua imeitwa jiji lakini watu bado tunajuana. Mimi ni dada wa miaka ishirini na saba, nina kibanda cha kuhariri video hapa mtaani Oli. Siku zote huniponza mdomo, lakini safari hii nimeponzwa na haraka.

Kaka mmoja Mnubi aliniita niende mjini Koboko nimrekodi mama yake mgonjwa. Bibi alitamani Maka maisha yake yote na mwili ulishakataa. Tukamketisha uani mbele ya kitambaa cha kijani, ili baadaye nikiondoe na kuweka picha ya Maka nyuma yake. Aliomba dua, kisha akaongea Kinubi kirefu. Mimi ni Mlugbara, Kinubi sikijui, ila nilisikia akitaja jina la Zaitun tena na tena huku analia. Mwanawe akaniambia, "Zima hapo. Sauti iko bure, wewe weka kaswida tu."

Kompyuta yangu ni kuukuu, faili za kamera zikifunguliwa hivi hivi inaganda. Kwa kazi ya kuondoa kitambaa huwa nazibadilisha kwanza, video nzima inakuwa maelfu ya picha moja moja. Picha hizo hazibebi sauti, sauti naichukua kwenye kadi mwishoni. Ndiyo maana kadi haifutwi mpaka mteja apokee kazi yake, hilo kila fundi analijua. Asubuhi yake nilikuwa na harusi ya kurekodi kule Ediofe, kadi nyingine sina. Nikajisemea, si amesema sauti hataki? Picha zilikuwa zimeshatoka, nikafuta kadi na kurekodi harusi juu yake.

Bibi alifariki wiki ile ile. Baada ya mazishi akaja kibandani kwangu mwanamke kutoka upande wa Kongo. Ndiye Zaitun (si jina lake halisi). Kwao walimfukuza zamani kwa kuolewa na Mkristo, na msibani kaka yake, yule yule mteja wangu, alimtangazia mbele ya watu kwamba mama amekufa bila kumpa radhi. Akanishika mkono. "Dada, wewe ulikuwa pale. Mama ilisema nini juu yangu? Nipe sauti tu, mimi hapana taka kitu ingine." Nikamdanganya kwamba kadi iko kwa fundi. Amerudi mara tatu, na kila akirudi amekonda. Najichukia jamani.

Picha ninazo. Mdomo wa bibi unaonekana vizuri, nimeutazama mpaka macho yanauma na sikuambulia kitu. Zaitun ni mwanawe, lugha ni yake, huenda akausoma. Je, akisoma laana? Na nikinyamaza, atabaki na neno la kaka yake mpaka anaingia kaburini.

Anakuja Ijumaa. Nimfungulie picha akaone mwenyewe, au nimwambie tu kwamba alisamehewa? Dada zangu mliowahi kufukuzwa kwenu, nijibuni ninyi kwanza: mngetaka lipi?