Maharage Meusi ya Kaboni

Mwezi uliopita nilikwenda Mbugangari, mtaa tuliokulia kando ya ziwa, kumzika rafiki wa utotoni, na baada ya mazishi miguu ikanipeleka yenyewe nyuma ya mtaa, kule kwenye mawe meusi ya volkano tulikokuwa tukichunga mbuzi. Sikuyaona mawe. Niliona nyumba za mabati, pikipiki zikisubiri abiria, na mwanamke akianika nguo mahali ambapo, kama kumbukumbu hainidanganyi, palikuwa na shimo ambalo sisi watoto hatukuruhusiwa kulisogelea bila moto. Nikamuuliza kama anajua hapo palikuwa na nini zamani. Akacheka. "Muzee, sisi tulikuta iko hivi hivi."

Basi ngoja nikusimulie, maana waliobaki wa kulikumbuka shimo lile ni wachache.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wako. Baba alifanya kazi kwenye mashua za mizigo, akakaa na mama Bukavu, na mimi na mdogo wangu wa kike tukalelewa na bibi, mama yake baba. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo, imepakwa chokaa, na ndani ilinuka moshi, mbuzi, na ndizi zilizopikwa pamoja na maharage. Samaki tulikula wakati wavuvi walipobahatika. Zile sambaza, dagaa wadogo ambao watu leo wanafikiri wamekuwamo ziwani tangu Mungu aumbe dunia, siku hizo hazikuwamo bado. Ukuta kwa ukuta na sisi aliishi fundi cherehani, na mlio wa mashine yake ndio ulikuwa saa yetu. Ikinyamaza, tunajua kumeingia giza, mtu haoni tena tundu la sindano.

Mimi nilikuwa nasoma sekondari kwa mapadri, upande wa Nyundo, nalala huko na kurudi nyumbani baadhi ya Jumamosi. Mwaka ule tulianza kemia. Mwalimu wetu alikuwa padri mrefu mwenye vidole vya njano kwa sababu ya tumbaku, na siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni. Alileta kapu la maharage akayamwaga mezani. Harage jeusi, akasema, ni kaboni. Jeupe kubwa ni oksijeni. Jekundu dogo ni hidrojeni. Akaweka jeupe moja, akabandika mekundu mawili ubavuni. "Haya ni maji," akasema, kisha ndipo akaandika H₂O, na akatuonyesha kwamba ile mbili ndogo miguuni inamhudumia yule aliye kushoto kwake tu, haimgusi mwingine. Siwezi kukueleza jinsi nilivyoshtuka. Maji niliyokuwa nikiyachota tangu naanza kutembea yalikuwa na jina la siri, na jina lenyewe linakuambia yametengenezwa na nini.

Siku nyingine alitugawia mirija, ile ile ambayo watu wazima hunywea pombe ya ndizi, tukacheka sana. Akatuambia tupulize pumzi ndani ya maji ya chokaa. Maji yaliyokuwa maangavu kama kioo yakageuka kama maziwa. "Hiyo ndiyo CO₂," akasema, "inatoka ndani yenu. Inatoka pia kwenye kila kaa linalowaka." Akawasha mshumaa ndani ya chupa pana, akamimina gesi ile juu yake kama mtu anayemimina maji, nasi hatukuona kitu kikimiminwa, ila mshumaa ukazimika. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, akasema. Inalala chini. Mnyama akiwekwa ndani yake anakufa.

Nikarudi nyumbani kichwa kimejaa. Jioni bibi alikuwa amekaa mlangoni na ungo, anachagua maharage ya kupika kesho, na mdogo wangu kando yake anatoa vijiwe. Nikachukua maharage kutoka kwenye ungo, nikawatengenezea maji.

"Ndiyo maji hii?" bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

Akayatazama kwa makini. "Aa! Maji iko na mama moja na watoto wawili. Na hewa mbaya ya kwenye pumuzi?"

Nikaweka jeusi moja katikati ya meupe mawili. Bibi akapiga makofi. "Huyu mweusi ameshikwa na askari wawili! Maskini, amefanya nini?"

Tangu siku hiyo, kila nikirudi, kabla hata sijanawa miguu, bibi anataka kusomewa. Chumvi? Hiyo niliijua. Chokaa ya ukutani? Hiyo pia. Maziwa? Sikuijua, lakini nilikuwa nimekwisha zoea kusifiwa, nikapanga maharage yoyote tu nikasema ndiyo maziwa. Fundi cherehani alikuwa akichungulia juu ya ua na kunitania: "Eh, profesa! Na suruali yangu hii yenye viraka, iko na herufi ngapi?"

Lakini mwenye kichwa hasa alikuwa mdogo wangu. Mimi nilikariri, yeye aliuliza. "Kama hidrojeni inawaka," akasema siku moja, "na oksijeni inasaidia moto, mbona maji inazima moto?" Nikamwambia bado ni mdogo. Ukweli ni kwamba masista walikuwa wamekwisha kukubali kumpokea shuleni mwaka unaofuata, jambo ambalo kwa msichana wa mtaa wetu halikuwa dogo, na bibi, ambaye ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani, alikubali kwa sababu ya maharage yale. "Aende," alisema. "Naye ajue kusoma vitu." Kitambaa cha sare kilikuwa kwa fundi, kimekwisha katwa.

Sasa nije kwenye shimo. Katika mawe yale ya volkano mlikuwa na mabonde madogo, na moja lilikuwa na majani mabichi hata wakati wa kiangazi. Mbuzi waliyapenda kupita kiasi. Lakini humo ndimo ilimolala mazuku, ndivyo watu wa kwetu wanavyouita ule upepo mbaya usioonekana wala kunuka, unaoua ndege, mbwa, na mtu akilala usingizi. Haupo kila siku. Ukivuma upepo wa ziwani unaondoka. Asubuhi tulivu unajaa. Kwa hiyo bibi, kama wachungaji wote, alikuwa na chungu kilichovunjika mdomo. Alitia makaa mekundu ndani, akakifunga kwa kamba ya mgomba, akakishusha shimoni taratibu. Makaa yakibaki mekundu, mbuzi wanashuka. Yakififia, tunarudi. Aliamini moto unapigana na mazuku, na kwamba ukishindwa moto, hata mtu atashindwa.

Nilikuwa nimesimama kando yake Jumamosi moja anafunga kamba ile, na wazo likanijia, nikaliona zuri mno. Kaa ni kaboni. Kaa likiwaka linashika oksijeni mbili. Linatoa CO₂, nzito, inayolala chini na kuua. Kwa hiyo!

"Bibi," nikasema, "ni moto wako unaoleta mazuku."

"Unasema nini, we mutoto?"

Nikachuchumaa nikampangia vijiwe pale pale juu ya mwamba, cheusi, vyeupe viwili. Nikamweleza yote, chupa, mshumaa, mnyama. Mdogo wangu akasikiliza, kisha akauliza, "Na jikoni kwetu moto unawaka kila siku. Mbona hatufi?"

"Jikoni kuna mlango," nikamjibu kwa ukali.

Bibi alikuwa ametumia chungu kile tangu alipoolewa. Mwishowe akamwaga makaa juu ya mawe, akayakanyagia udongo. "Bon," akasema. "Kama ndivyo mumesoma."

Asubuhi ile haikuwa na upepo hata wa kutikisa jani. Mbuzi jike alitangulia na mwanawe nyuma. Waliinamisha vichwa kula, na nikawaona wanapiga magoti, kama watu kanisani. Nilidhani wanalala. Mdogo wangu akateremka mbio kumwinua yule mdogo. Alipokuwa amesimama alikuwa salama; alipoinama, naye akakaa chini, akanitazama kwa uso wa kushangaa, halafu akaanguka ubavu. Mimi sikusogea. Bibi ndiye aliyeshuka, amejifunga kitambaa kinywani, hakuinama bali alilinasa gauni la mtoto kwa vidole vya mguu, akaliinua hadi mkononi na kumburuta juu ya mawe, huku akipiga kelele, "Simama! Yewe, simama mutoto wangu!"

Mdogo wangu alitapika, akalia, akapona. Mbuzi walikufa, mama na mwana. Nyama ya mazuku hailiwi kwetu.

Jumatatu nilimweleza padri. Alisikiliza akiizungusha sigara isiyowashwa. "Kaa moja linatoa kiasi gani?" akaniuliza. "Na shimo lile ni kubwa kiasi gani?" Akaiweka sigara mezani. "Gesi hiyo inatoka chini ya mlima. Makaa ya bibi yako hayailishi wala hayapigani nayo. Yanakosa oksijeni tu, na kwa hiyo yanakuonya. Fomula inakuambia kitu ni nini. Haikuambii kimetoka wapi, wala kiko kiasi gani. Hayo lazima uende ukaangalie mwenyewe."

Maneno mazuri. Jioni ile aliniruhusu nikamwone mdogo wangu, na ilinipasa kuyabeba mpaka nyumbani kama yalivyo. Bibi aliponiuliza mwalimu amesema nini, mdogo wangu kalala kitandani kichwa kinamuuma, fundi na majirani wamejaa ukumbini wananitazama, nilisema: "Mwalimu alikosea. Alitufundisha vibaya."

Nilisema hivyo tu. Sikufikiri litafika mbali.

Bibi hakunigombeza. Alinihurumia hata, mimi niliyedanganywa na wakubwa. Lakini wiki iliyofuata alikwenda kwa fundi akamwambia kile kitambaa cha sare akishone gauni la Jumapili. "Masista watatafuta mutoto mwingine," akasema. "Huyu karibu waniulie. Kaka yake amekwisha kuanza, amalize. Yeye hapana." Baba alipokuja kutoka Bukavu alijaribu kubishana naye, akashindwa. Kila mtu alijaribu, isipokuwa mimi, ambaye sentensi moja yangu ingetosha. Niliiahirisha hadi likizo, kisha hadi likizo nyingine, na mdogo wangu akazoea kubeba mkungu wa ndizi kwenda sokoni, na bibi akarudia chungu chake cha makaa. Hakuniomba tena nimsomee kitu. Alichagua maharage kimya, mlangoni, mimi nikiwa nimekaa karibu naye, na nilikuwa nikitamani aniulize hata habari za majivu.

Bibi alikufa akiamini kwamba padri yule alikuwa mjinga.

Mdogo wangu aliolewa Kanzenze, akalima viazi, akazaa, akazeeka. Mimi nilimaliza sekondari, nikawa karani, nikakaa mbali miaka mingi kwa sababu ya machafuko ya miaka ile ambayo wewe pia unayajua. Nilipostaafu nilipanda kwake. Tulikaa nje, ananimenyea viazi vya kuchemsha vya moto vinavyounguza vidole, naye hajali. Nikamwambia yote: mwalimu hakukosea, mimi ndiye niliyesoma vibaya, na niliogopa kusema. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya kuomba msamaha tangu njiani, nikaianza.

Akanikatiza kwa kisu cha viazi, hivi.

"Mi nilijua," akasema. "Nilishusha makaa mwenyewe mara nyingi, kaka. Siku yenye mazuku, hata uyashushe saa nzima, haiongezeki. Siku isiyo na mazuku, hata uwashe moto mukubwa, mbuzi wanakula tu. Nikasema, basi kitabu hakina kosa. Aliyekosa ni musomaji."

"Kwa nini hukumwambia bibi?"

"Nilimwambia. Akasema, we umesomea wapi?"

Nikainamisha kichwa. Nikaanza tena, nisamehe, na akanikatiza tena, sasa kwa kukosa subira, kama mtu aliyengoja kwenye foleni na zamu yake imefika.

"Achana na hiyo. Niambie kitu kimoja. Baada ya maji na ile ya pumuzi, kitabu kilisema nini? Kulifuata nini?"

Alikuwa ameweka kisu chini. Amekaa mbele kabisa ya kigoda, mikono magotini, macho yamefunguka kama ya mtoto. Nikafungua kinywa nimjibu. Nilikumbuka vidole vya njano vya padri, harufu ya chaki, benchi langu, hata rangi ya jalada la kitabu chenyewe. Kilichofuata ndani yake nilikuwa nimekisahau chote.